Mkwe wa Mueda

Jumatano, 6 Agosti

Suruali kumi na mbili za sare ya shule, zimebaki tatu. Uzi wa kaki umeisha. Nimetumia wa kahawia, hakuna mwalimu atakayeona.

Mama Zuhura ameleta chai saa nne kama kawaida, kisha akakaa kwenye benchi la wateja, kimya. Siku hizi hukaa hivyo. Tangu tumzike mama yake kule Chilangala mwezi wa sita, mke wangu amekuwa mtu wa kukaa.

Najua anachowaza. Kwao Wamakonde nyumba ya mama huenda kwa binti, na binti mkubwa ni yeye. Kaka yake Hamisi amepiga simu tena: nyumba isilale tupu, kabla ya korosho kuanza kuokotwa awe amepatikana mtu wa kuwasha moto mle ndani. Kuwasha moto maana yake kuhamia. Kutoka hapa Masasi ni saa mbili kwa gari. Si mbali kwa msiba wala kwa harusi. Kwa mume na mke ni mbali.

Hajaniuliza kama nitakwenda naye. Sijamwuliza kama anakwenda. Miaka ishirini na saba ya ndoa na tumekuwa mabubu.

Alhamisi, 7 Agosti

Gari limetoka kwa fundi, breki nzuri. Kesho ni Nane Nane, nafunga cherehani mpaka Jumatatu. Tunakwenda Mueda, Msumbiji.

Ahadi ya kizamani. Nilimwahidi kabla Zuhura hajazaliwa kwamba nitampeleka mji wa watu wanaosema Kireno, tutembee mkono kwa mkono kama watu wa kwenye kalenda. Kila mwaka kikazuka kitu. Sasa sababu imetupata yenyewe. Mama yake mdogo, Bi Fatu, aliolewa huko Mama Zuhura akiwa mtoto wa miaka mitano, na katika tumbo lile amebaki yeye peke yake. Miguu haikumruhusu kuja mazikoni. Bila neno lake Hamisi hawezi kumkabidhi mtu nyumba. Kwa hiyo ni fungate na baraza ndani ya gari moja.

Binti yetu Zuhura amepiga simu kutoka Mtwara, anaogopa habari za vita vya huko. Nimemwambia nimeuliza madereva wawili, njia yetu imetulia. Mimi naogopa kitu kingine. Naogopa huyo bibi aseme ndiyo.

Ijumaa, 8 Agosti. Mueda, jioni

Tumeondoka baada ya sala ya alfajiri. Baridi kali. Mangaka tukanywa chai na maandazi ya jana. Mtambaswala, mpakani, wakatugongea mihuri kwenye pasi, tukafika Daraja la Umoja jua likiwa limepanda.

Mama Zuhura akasema anataka kuvuka kwa miguu. Sikumuuliza kwa nini. Nikaendesha nyuma yake polepole, yeye mbele na kanga yake ya zambarau. Ruvuma ina maji kidogo mwezi huu, mchanga mwingi. Katikati akasimama, akashika chuma, akaangalia chini. Mabega yakaanza kutikisika. Nikazima gari. Askari wa upande ule akapiga filimbi, nami nikamwacha apige. Alipomaliza kulia akapanda garini, akaniambia twende.

Lami, vumbi, kisha lami tena. Sala ya Ijumaa imenipita, msafiri ana ruhusa yake. Vizuizi vitatu vya askari. Kireno chetu chote ni bom dia ya salamu na obrigado ya asante, na nimeyachanganya. Mama Zuhura akawasemesha Chimakonde, wawili wakacheka na kutupungia mkono tupite. Mbele akasinzia na kichwa chake begani kwangu. Nikibadili gia ataamka. Nikabaki gia ya tatu mpaka gari likalalamika.

Nyumba ya wageni safi, pindo za shuka zimeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Nilipomwuliza mwenye nyumba choo kwa mikono na uso, Mama Zuhura alicheka hadi akakaa chini. Sijamsikia akicheka tangu mwezi wa sita. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu kulitamka kunanishinda.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimejiaibisha. Naandika yote.

Asubuhi nilimwacha akioga, nikaenda sokoni kutafuta mkate. Kwenye baraza moja nikamkuta bibi kizee ameketi kwenye kigoda, ana chale usoni, anauza muhogo wa kuchemsha. Nikasikia anamgombeza mteja kwa Chimakonde cha Newala kabisa. Moyo ukafurahi. Mimi Myao, na sisi na Wamakonde ni watani. Mtani humkuti ugenini ukampita kimya kimya.

Nikamwuliza muhogo huu ulichimbwa kabla ya uhuru au baada. Akaniambia Wayao hawajui muhogo, wanajua kuongea tu. Nikamnyang'anya kipande mkononi, nikakitafuna mbele yake. Akaniita mwizi. Watu wakasogea kusikiliza, nami kichwa kikavimba. Nikasema: "Bibi, funga biashara nikuoe. Nina mke Masasi lakini nipo mbioni kumrudisha kwao." Akacheka mpaka akafuta machozi. Nikaondoka na mkate wangu, najiona bingwa.

Saa tano mtu akatuongoza kwa Bi Fatu. Nyumba ya matofali, uwanja umefagiliwa. Bibi akatoka mlangoni. Yule yule.

Ni dada wa mama mkwe wangu, yaani ni mkwe wangu. Mkwe hatazamwi usoni, huli mbele yake, mkono humpi. Mimi nilikuwa nimekula kutoka kiganjani mwake na kumposa mbele ya soko zima. Mama Zuhura hakumtambua mpaka aliposema jina lake. Mimi nilitambua mapema zaidi, nikatamani gari.

Bi Fatu akajifunika uso kwa kanga, akanipa mgongo. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwanangu, huyu ndiye mumeo? Asubuhi alisema anakurudisha kwenu."

Mama Zuhura hakucheka. Alinitazama tu. Nikamweleza ni utani, anajua ni utani, amekulia ndani ya utani. Akasema anajua. Akaingia ndani na mama yake mdogo, nikabaki uwanjani na mkate.

Mchana wote wanawake ndani, mimi nje. Tulipanga tutembee mjini jioni. Tumetembea. Mkono wake ulikuwa umeshika pochi.

Jumapili, 10 Agosti

Kosa la mkwe lina dawa yake, huku kama kwetu: kuku jike, mzima, apelekwe na mke. Nimetafuta tangu alfajiri. Mwenye kuku hakujua Kiswahili, mimi sikujua Kireno. Nikawika, akanielewa vibaya akaniletea jogoo. Ikabidi nichutame na kuonyesha kutaga. Mama Zuhura alikuwa pembeni, nikaona anauma mdomo asicheke. Nikapata nguvu kidogo.

Bi Fatu akampokea kuku. Akakubali kusema nami, kwa utaratibu. Yeye ndani ya mlango, mgongo kwangu. Mimi kwenye mkeka nje. Mama Zuhura kizingitini, anapitisha maneno huku na huko ingawa wote watatu tunasikia.

Kwanza nyumba. Nyumba ni ya Mama Zuhura, Hamisi aambiwe hivyo, na aingie kabla ya korosho ya kwanza kuanguka. Mama Zuhura akainamisha kichwa. Nilikuwa nimelitegemea neno hilo na bado lilikuwa zito.

Kisha mimi. "Mwambie utani nimeusamehe. Muhogo ulikuwa mgumu kweli. Lakini lile neno la kumrudisha mtu kwao, lilitoka wapi?"

Mama Zuhura akanigeukia. "Anauliza lile neno lilitoka wapi."

Nikasema, mdomoni. Jibu la kijinga. Lile neno lilitoka kwenye woga. Toka msiba nalala nikifikiri atakavyokwenda, na mdomo ukatangulia kumtoa kabla hajaondoka mwenyewe. Ningeweza kusema hivyo. Nilitazama mkeka.

Bibi akasema tena, taratibu. Mwanamke wa kwao haombi mume amfuate. Akimwomba, siku mume akichoka atasema, niliitwa. Mume anayetaka kufuata husema mwenyewe.

Haya Mama Zuhura hakuyapitisha. Alikunja pembe ya kanga yake, akaikunjua. Nilikuwa nimeyasikia.

Tumeaga saa nne tuwahi mpaka. Ametupa muhogo wa njiani, umefungwa kwenye jani, na chumvi pembeni. Darajani hakuomba kushuka. Tulifika Masasi magharibi, tukala muhogo kwa chai. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nilisema habari za breki.

Jumatatu, 11 Agosti

Chilangala, kupeleka jibu. Ukungu umefunika Newala, nimewasha taa mpaka tulipoacha lami. Mikorosho imetoa maua.

Hamisi kanipokea vizuri. Alipoambiwa neno la Bi Fatu akamshika dada yake mikono yote miwili. Kisha akanigeukia, ana kicheko chake kile. "Shemeji, wewe sasa utakuwa mgeni wetu wa Jumamosi na Jumapili?" Watu wawili barazani wakacheka. Mmoja akasema mwanamume anayemfuata mke ugenini hulala upande wa mlango. Nikacheka nao. Inaniuma hadi sasa.

Zamani ndivyo ilivyokuwa, kwao na kwetu pia. Babu yangu alioa Lisekese akakaa Lisekese kwa wakwe zake mpaka wakamzika. Hakuna aliyemcheka. Leo tumejua mengi.

Niseme ukweli, hapa hakuna wa kunisikia. Sitaki kuondoka Masasi. Nina baraza langu, wateja wanaonijua, msikiti wangu, watu wa kubishana nao mpira. Kule nitakuwa "mume wa fulani" hadi kaburini. Na sitaki kulala kwenye nyumba ambayo yeye hayumo. Nimeyapima haya mawili toka mwezi wa sita, nikisubiri moja lipungue. Halijapungua.

Wakati tunaongea barazani Mama Zuhura alikuwa uani kwa marehemu mama yake. Amefagia, ameondoa majani makavu juu ya bati, amefungua madirisha yote, kitambaa kichwani, anaimba kidogo. Hakukaa hata mara moja.

Jumanne, 12 Agosti

Zile suruali tatu nimemaliza. Moja mguu mfupi, nimefumua.

Mama Zuhura ameanza kugawa vyombo. Mafungu mawili kwenye mkeka. Sufuria kubwa kule, ndogo huku. Vikombe vitatu, vitatu. Ameniachia birika kwa kuwa anajua siwezi asubuhi bila chai. Amefanya bila hasira, taratibu, kama mtu anayemfungia mwanawe mzigo wa shule. Ingekuwa hasira ningejua la kusema.

Jumatano, 13 Agosti

Sikushona. Nimesema naumwa kichwa.

Nimekwenda Lisekese kumwona dada yangu. Nilitaka aniambie nisiende. Akaniuliza nani atanipikia. Nikamwambia ninajua kupika. Akaniuliza basi tatizo ni nini. Nimerudi kwa miguu.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi wateja wawili. Zipu, na gauni la kupunguza.

Saa nne chai. Yeye alikaa kwenye benchi na ungo wa mchele, anachambua. Nikaacha cherehani, nikakaa kando yake. Nikamwuliza siku hizi maji ya Chilangala wanayapata vipi.

Akasema bomba hutoka mara mbili kwa wiki, pengine mara moja. Siku nyingine wananunua ya madumu. Mvua zikianza wanakinga ya bati.

Nikasema basi tutahitaji tangi. La lita elfu moja litatutosha watu wawili.

Vidole vyake vikasimama ndani ya mchele. Hakuinua uso. Kuna mtu alipita barabarani akatusalimia, nikamjibu peke yangu. Nikaongeza, maana nilikuwa nimeshaanza, kwamba nimelisema mwenyewe, hajaniita mtu, na siku nikichoka sitadai kuwa niliitwa.

Akaendelea kuchambua. Akatupa punje nzima chini, akaacha makapi kwenye ungo.

"La elfu mbili," akasema. "Wewe unaoga kama bata."

Kisha akanyanyuka, akaingia jikoni na ungo wake. Nikarudi kwenye gauni.

Mchana wali ulikuwa na mawe matatu. Nimeyameza.