Jina Nililoliruka Msibani Kwako

Holo,

Nimeambiwa nisiingie darasani mpaka barua itoke wilayani, ndiyo maana nina muda wa kukuandikia. Nimekaa chumba cha walimu tangu asubuhi. Kupitia ukutani nawasikia watoto wangu wa darasa la tatu wanaimba jedwali la saba. Wanakosea pale pale kwenye saba mara nane, na siruhusiwi kwenda kuwarekebisha.

Siri yetu imetoka. Nimeitoa mwenyewe, na nataka uisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka ulivyoijua? Tulikuwa Dutwa, msimu wa pamba, mwaka wangu wa kwanza hapa. Niliona mtu mnene ameegemea baiskeli, nikapiga goti kidogo nikasema, "Shikamoo baba." Ukajibu wewe kwa sauti nzito, "Marahaba mwanangu." Lilikuwa gunia la pamba. Ulicheka mpaka ukakaa chini barabarani. Lakini tulipokuwa tunarudi uliniuliza polepole, "Milembe, kwani unaona kiasi gani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikakwambia kwamba katikati ya kila ninachokitazama kuna doa kama moshi, kwamba nyuso za watu nazijua kwa sauti, na kwamba chuo nilimaliza kwa kukariri. Nikakusihi usimwambie mtu. Yule mwalimu wa shule ya jirani aliposema macho yake yamechoka, aliambiwa apumzike kidogo nyumbani. Anapumzika mpaka leo.

Ukasema, "Basi tutafanya wawili."

Tukafanya wawili kwa miaka sita. Wewe ulisahihisha madaftari yangu, mimi nikashika zamu zako za juani. Ulinisomea majina ya watoto wapya mara moja tu, nikayashika yote kichwani. Ulinikopia maandalio ya masomo kwa kalamu nene nyuma ya kalenda za zamani. Tukiwa na Mwalimu Mkuu, ulikuwa unasoma barua zake kwa sauti, unajifanya wewe ndiye usiyeelewa Kiswahili cha ofisini.

Na ni wewe uliyenivuta mpaka hospitali Bariadi, madaktari wa macho walipokuja. Nilitaka miwani. Daktari akasema miwani haitanisaidia, kwamba nina uoni hafifu usiopona, ila kuna kifaa. Akanipa ile mashine, ndogo kama simu, kamera iko nyuma. Ukiilaza juu ya karatasi, herufi zinatokea kwenye kioo, kubwa kama vidole, na ukibonyeza, zinakuwa nyeupe juu ya weusi. Nilisoma maandishi ya kwenye boksi la dawa, nikalia. Wewe uliiita "jicho la kuchaji". Tulipofika nyumbani nikaifungia kabatini. Mtu akiiona atauliza ya nini, nilikwambia. Ulinikasirikia siku mbili nzima.

Halafu presha ikakuchukua. Ijumaa tulikuwa pamoja mstarini, Jumapili wanasema umefariki.

Sikukwambia haya pale kaburini kwa sababu nilikuwa naona aibu. Kule Kasoli, nyumbani kwa mume wako, mchungaji alipomaliza kuomba, mumeo, Baba Shija, alinijia na karatasi ya kaunta buku. Akasema, "Mwalimu Milembe, wewe ndiye uliyekuwa ndugu yake kuliko ndugu. Utusomee wasifu." Watu wote wakanigeukia. Holo, ile mashine ilikuwa kwenye mkoba wangu. Tangu ufe nilikuwa natembea nayo, sikuwa na mtu mwingine. Mkoba ulikuwa kwenye mapaja ya mama mmoja, hatua tano tu. Nilijua. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mbele yangu, na sikwenda kuichukua.

Niliiona karatasi nyeupe yenye uchafu wa bluu. Nikaishika kama mtu anayesoma, nikaanza kusema kutoka kichwani. Ulikozaliwa, Mwamanyili. Ulikosoma. Ulivyofundisha. Yote nilikuwa nayajua, sikukwama popote. Nikafika kwenye watoto.

Nilimjua Minza. Nani anamjua kuliko mimi? Umeniambia habari zake tangu mwanzo, mtoto uliyemzaa kabla ya ndoa, anayelelewa na mama yako. Lakini pale Kasoli sikuwahi kusikia mtu akimtaja. Nikawaza, karatasini hayumo. Nikimtaja nitaleta aibu, na watajua sisomi. Nikasema, "Ameacha mume na watoto wawili, Shija na Limi."

Alikuwepo. Alikuwa amesimama upande wa wanawake na bibi yake, amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Mama yako alikuja kunishika mkono wa pole mwishoni. Akasema maneno mawili tu: "Hata wewe?"

Jumatatu nilijifungia stoo ya vifaa vya michezo, ile isiyo na dirisha. Siku hizo ndimo nilimokuwa nasahihishia madaftari, mlango nimeubana kwa gunia la mipira, chaji ya mashine ikiishia kwenye daftari la ishirini. Nikailaza juu ya meza ile karatasi ya wasifu, ambayo nilikuwa nimeondoka nayo. Mwandiko wa Baba Shija ni mbaya, nilichukua muda. Nikafika: "Ameacha watoto watatu, Minza, Shija na Limi."

Alimwandika, Holo. Alimwandika wa kwanza.

Nilibaki humo ndani mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Baba Shija aliniuliza baadaye kwa upole, "Mwalimu, nilimwandika yule mtoto kwa mkono wangu. Mbona ulimruka?" Nikamwambia nilichanganyikiwa na msiba. Aliamini, na hilo ndilo lililoniumiza. Kila njia niliyoifikiria ilikuwa imefungwa. Nikisema kweli, nitarudishwa nyumbani kama yule mwalimu. Nikinyamaza, mwanao ataamini mpaka anazeeka kwamba siku ya kuzikwa kwako ulimkana kwa mdomo wa rafiki yako. Wiki tatu nilinyamaza. Nilikuwa nakula, nafundisha, naingia stoo, natoka stoo. Nikasikia kutoka kwa Baba Shija kwamba Minza ameitoa picha yako ukutani.

Jumamosi nikapanda basi hadi Mwamanyili.

Minza alikuwa anaanika mpunga uani. Nikamsalimia mama yako kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," akaniitikia bila kunikaribisha kiti. Nikasema nikiwa nimesimama, "Mayu, mimi sioni. Sikuweza kusoma ile karatasi. Nilisema ya kichwani mwangu."

"Mbona unatembea mwenyewe?" akaniuliza.

"Ya mbali na ya pembeni naona kidogo. Maandishi sioni. Holo ndiye aliyekuwa ananisomea."

Minza ndiye aliyesema, "Basi soma sasa."

Nikakaa chini pale pale kwenye turubai, nikatoa karatasi na mashine. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza, Holo, neno linanikimbia, nalirudia. Minza akaja nyuma ya bega langu. Jina lake lilipotokea, lilijaza kioo chote, hakuna kingine kilichoonekana. Hakulia. Aliuliza tu, "Huu mwandiko wa nani?"

"Wa Baba Shija."

"Yeye ndiye kaniandika?"

"Yeye mwenyewe."

Akarudi kwenye mpunga wake. Akaugeuza, akaugeuza tena upande ambao alishaugeuza. Mama yako akaniambia, "Umetusomea sisi wawili hapa uani. Kule walikuwa watu wangapi?"

Nilijua alichokuwa anakidai.

Basi siku ya ibada ya kumaliza msiba nilimwomba mchungaji nafasi. Safari hii mkoba niliushika mwenyewe. Nikatoa mashine mbele ya wote, nikasema, "Ndugu zangu, siku ile niliwadanganya. Macho yangu hayasomi bila kifaa hiki. Naomba nirudie." Ilichukua muda mrefu. Wengine walianza kunong'ona, nikasikia mtu anauliza kama ni simu. Nikasoma watoto watatu. Baba Shija akasema kwa sauti, "Minza, njoo ukae na wadogo zako," na Limi akasogea kumpisha kwenye mkeka.

Mwalimu Mkuu alinisubiri njiani. Hakunifokea. Akasema, "Mwalimu, Jumatatu pitia ofisini kwangu." Jumatatu akaniuliza ni miaka mingapi, na nani alikuwa anasahihisha. Nilikutaja. Nisamehe, sikuweza tena kuchagua ukweli wa kusema na wa kuacha. Ameandika wilayani kuuliza afanye nini na mimi. Nilimwonyesha jinsi mashine inavyosoma, akaijaribu juu ya gazeti, akashangaa, akanirudishia. Akasema si yeye anayeamua.

Kwa hiyo niko hapa. Madaftari ya watoto yapo mezani kwangu, nimeyasahihisha yote, mchana, mlango wazi, na hakuna aliyeniruhusu wala kunikataza. Mwalimu mgeni ananiongoza kwa mkono kwenda chooni, mahali nilipopazoea miaka sita. Wenzetu wananisalimia kwa sauti kubwa, kana kwamba nimekuwa kiziwi. Baba mmoja amekuja kuuliza kama mwanawe alipewa alama zake za kweli. Zamani nilifungiwa na siri, leo nafungiwa na huruma yao, na sijui ipi inanibana zaidi. Usiku nalala vizuri, hilo nalo nikwambie.

Minza alinipigia juzi kwa simu ya bibi yake. Likizo atakwenda Kasoli kukaa na wadogo zake, mara ya kwanza. Anataka nimweleze ulikuwaje ulipokuwa msichana, na baba yake ni nani, na kwa nini ulimwacha Mwamanyili ukaenda kuolewa. Nilimwambia namjibu nikijipanga.

Nimeshajipanga. Nakuahidi, Holo, nitamjibu vyote, hata yale uliyoniambia ukiwa umejifunika kitenge usoni. Sitakupamba wala sitakuficha. Akikasirika na wewe, nitakaa naye mpaka hasira iishe, na isipoisha nitakaa naye hivyo hivyo.

Kengele imelia. Lala salama, mwalimu mwenzangu.

Milembe wako