Sishuki, Baba Rukia

Baba Rukia, mume wangu,

Nakwambia mapema kwamba barua hii ina hasira, usije ukafika katikati ukalalamika kuwa hukuonywa. Jana nimemaliza eda yako. Miezi minne na siku kumi nimeikaa yote humu humu botini, kwenye gati lile lile, na kamba zile zile ulizozifunga wewe vibaya nikazifunga upya mimi. Leo asubuhi nimeoga, nimevaa dera langu la njano, nimejifukiza udi kidogo, na jambo la kwanza ninalolifanya baada ya eda ni kuketi kukuandikia kwamba wasia wako sitautimiza.

Ndiyo, umenifikia. Ulidhani hautanifikia? Nilitoka nje ya chumba cha hospitali kwenda kuswali adhuhuri, nawe ukamnong'oneza binti yetu: "Nikiondoka, boti iuzwe. Mama yako asikae peke yake majini." Rukia aliniletea maneno hayo siku ya tatu baada ya mazishi, macho yamemvimba kwa kulia. Kilichoniuma si habari ya boti kuuzwa. Kiliniuma kwamba tumeoana miaka thelathini na moja, halafu neno linalonihusu mimi ukampa mtu mwingine anishikie.

Hebu tukumbushane, kwa sababu naona wewe ulisahau mapema.

Ulikuwa unaendesha basi la shule, mimi nahudumia wazee majumbani mwao. Kila mwisho wa Desemba shule zikifungwa, basi lako lilipumzika wiki mbili, na wewe ukawa unashinda dirishani ghorofa ya kumi na saba pale St. James Town, Toronto, unatazama theluji na kuniuliza kama chakula tayari. Ndipo yule dereva mwenzako wa Kipolandi, magoti yamemshinda, akaona heri boti yake ya tanga ikupate wewe kuliko kuoza. Mtu wa Tabora! Maji mengi uliyoyajua utotoni ni yale ya kwenye pipa. Hujui kuogelea, hujui tanga wala usukani, ukaingia nyumbani na funguo mkononi, unatabasamu kama bwana harusi. Nami mtoto wa Tanga, niliyekulia kando ya bahari nikiogopa hata kulowa magoti, nilikucheka mpaka nikakaa sakafuni.

Kiangazi kile ulijifunza kidogo kidogo, Mpolandi akikufokea na wewe ukiitikia ndiyo bosi. Likizo ya baridi ilipofika ukasema twende tukalale huko wiki mbili. Nikaaga msikitini kwamba tunakwenda likizo kwenye boti. Rafiki yangu Bi Mwanaisha akachangamka, "Florida?" Nikamwambia hapana, hapo chini ziwani tu, unapanda tramu moja. Akanishika mkono, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Asubuhi ya kwanza naikumbuka yote. Boti ilikuwa imefunikwa nailoni nyeupe kuanzia mbele mpaka nyuma, mlango wake zipu, ndani hita inanguruma. Ziwa lote mbele yetu lilikuwa limeganda, isipokuwa ukanda mwembamba uliotuzunguka, ambako pampu ndogo ilikoroga maji usiku na mchana ili barafu isije ikatubana. Nilikuwa nachemsha chai ya tangawizi nikasikia ko, ko, ko ubavuni mwa boti. Nikaitikia, "Karibu!" Kimya. Halafu ko, ko. "Karibu, mlango uko wazi!" Wewe kule kitandani ulicheka hadi ukapaliwa. Vilikuwa vipande vya barafu vinagonga. Likizo nzima, kila kikigonga kipande, ukawa unaitikia "karibu ndani" kwa kuiga sauti yangu, na nilikuwa natamani kukutupia birika.

Nilipapenda pale kuliko nilivyotaka ujue. Kila asubuhi tulifuta kuta kwa taulo maana pumzi zetu zilikuwa zinageuka maji. Ukisimama kutoka kwenye rukuu kichwa kiligonga dari, mpaka ukaanza kuswali na kofia mbili. Nikipika pilau, harufu ilibaki chini ya nailoni siku tatu, na majirani wawili watatu wanaoishi gatini wakaja kuuliza ni nini kile. Mle ndani hakukuwa na pa kununia. Ukiudhika unageuka kushoto, unakutana na mimi. Mwaka wa tatu tukarudisha funguo za ghorofani tukahamia moja kwa moja.

Sasa nafika kwenye lile tuliloapa kutolisema.

Ilikuwa likizo yetu ya pili, mchana kweupe, saa nane. Ulikuwa unatoka getini na gunia la mchele begani, kwa kuwa toroli uliliita kitu cha wazee. Gati limeganda, linateleza. Nilisikia kishindo, nikafungua zipu, nikaona gunia linazama na wewe umo majini hadi kifuani, katikati ya gati na boti, mdomo wazi na sauti haitoki. Hapakuwa na mtu mwingine. Nililala kifudifudi, nikakupitisha kamba kwapani, nikakimbilia ile winchi ya kuvutia kamba za tanga, nikaanza kuzungusha mpini. Nilisoma kila dua niliyoijua, na katikati ya dua nikatoa matusi mawili ambayo mpaka leo sijui nilijifunzia wapi. Ulipanda inchi kwa inchi. Ulipofikisha goti kwenye sitaha nilikukamata mkanda wa suruali nikakuburuta ndani.

Nikakuvua, nikakufunga mablanketi yote, nikakunywesha chai kwa kijiko. Neno lako la kwanza lilikuwa, "Rukia asijue." Nikasema sawa. Saa moja haijapita, simu ikalia, ni yeye, nawe kikombe mkononi nikakusikia unasema, "Mama yako leo alitaka kutuacha, ameteleza kaingia majini. Bahati nilikuwepo nikamvuta."

Baba Rukia! Nilikutazama, ukatazama kikombe. Meno yako yalikuwa bado yanagongana. Nikasema moyoni, mwache, huyu leo ameiona roho yake ikitoka. Nikakuachia uwongo huo kama mtu anavyomwachia mgonjwa mto mzuri. Kwa hiyo miaka yote hii binti yetu anajua kwamba mama yake ndiye aliyeanguka, na baba yake ndiye aliyeokoa. Na ulipokuwa unakufa, badala ya kuurekebisha uwongo wako, ukautolea wasia.

Ulipoondoka mwishoni mwa Oktoba, Rukia alitaka anipeleke kwake Mississauga siku ile ile. Nikamwambia mjane anakaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Akasema, "But Mama, it's a boat. Hii si nyumba." Nikamwambia ampigie sheikh. Akaweka simu sauti ya juu. Sheikh akauliza, "Mlikuwa mkiishi humo?" Nikajibu, mwaka wa tatu sasa. "Mlikuwa na kwingine?" Hapana. "Basi hiyo ndiyo nyumba," akasema, na nikamsikia anazuia kicheko. Sijawahi kuipenda sheria kama nilivyoipenda siku hiyo.

Wanawake wakaja kunipa pole. Ungewaona! Mvua inanyesha, wamevua viatu gatini kwa heshima, wanapanda mmoja mmoja wameshikilia mabuibui, na kila akiingia mmoja boti inainama. Wakakaa wote upande wa kulia, ikabidi niwapange upya. Bi Mwanaisha akatazama mlingoti mtupu, akasema, "Mama Rukia, tumekuja matangani, tanga lenyewe liko wapi?" Tukacheka hadi machozi, halafu machozi yakabaki peke yake.

Novemba nilifunika boti kwa nailoni, jirani wa boti ya pili akinisaidia. Desemba ikaja na likizo yetu, na sikuwa na mtu wa kuigiza sauti yangu. Siku ya kwanza ya likizo umeme ulikatika alfajiri. Pampu ikazima. Kulipokucha nikaona barafu imeshaanza kufunga ule ukanda wetu. Nikavaa koti lako juu ya nguo za eda, nikachukua upondo, nikatoka kuvunja. Rukia akanikuta hapo, amekuja kuniangalia, akapiga kelele toka mbali, "Mama! Uko kwenye eda!"

"Eda haijanikataza kuokoa nyumba," nikamwambia. "Shika upondo ule mwingine."

Akaushika. Mtoto yule mwenye kucha za saluni alivunja barafu pamoja nami saa nzima, mpaka umeme ukarudi na maji yakaanza kukorogwa tena. Tulipoingia ndani ndipo akalia. "What if you fall again, Mama?" Uanguke tena. Lile "tena" lilinipanda kichwani. Nilikuwa na jibu lote mdomoni, nikalimeza, kwa sababu nilikuwa katika eda yako na sikutaka kukusema vibaya ndani ya siku zako. Nikampa supu.

Nataka ujue kwamba lilinigharimu hilo. Kila wiki alikuja, kila wiki akarudia, "Baba alisema." Nami kila wiki nikamjibu, eda. Eda, eda. Nilijificha nyuma yake, sikatai. Nilikuwa naogopa siku itakapoisha, maana sikujua nitasema nini baada ya hapo.

Jana ikaisha. Rukia akaja saa nne asubuhi na masanduku matatu matupu. Amekwisha kuniandalia chumba, amenunua shuka mpya, amenionyesha picha kwenye simu. Nikamkalisha chini, nikamweleza. Gunia, gati, kamba, winchi, chai, simu. Kila kitu. Ndiyo, Baba Rukia, nimevunja ahadi. Kama kuna mahali huko pa kunishtaki, nishtaki.

Rukia akainuka. Akatoka nje, akasimama mbele ya winchi, akajaribu kuzungusha mpini kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Akarudi akiwa na uso ambao sikuuelewa.

"Aliniambia ulikuwa mzito sana kukuvuta," akasema.

Mzito! Mimi! Ulitoka majini kwa mikono yangu, ukakaa ndani ya mablanketi yangu, halafu ukaongeza na uzito wangu? Nilipandwa na hasira kiasi kwamba nilitaka kukufufua nikugombeze. Tulicheka, mimi na mwanao, tumeshikana, na katikati ya kicheko yeye akawa anasema, "Dad, oh my God, Dad," na mimi nikawa natamani tu uwepo uaibike.

Kisha akajifuta, akauliza, "Kwa hiyo unakuja?"

"Hapana."

"Eda si imekwisha?"

"Imekwisha."

"Basi kwa sababu gani, Mama?"

Baba Rukia, nina miaka hamsini na nane. Nilitoka kwa baba yangu kwa kuwa walikuja kuniposa. Nilikuja Toronto kwa kuwa ulitangulia. Nilikaa ghorofani kwa ajili ya shule ya mtoto, nikaja botini kwa kuwa ulipewa funguo, nikabaki humu majira ya baridi kwa kuwa sheria iliniweka. Kila mara palikuwa na mtu au jambo la kusimama mbele ya jibu langu. Jana nilitafuta wa kumsimamisha, sikumpata.

"Kwa sababu nataka," nikamwambia.

Nilivyolisema niliona haya, kama nimetoka bila kujitanda. Rukia alinitazama vizuri, sijui kama amewahi kunitazama vile. Hakukubali, nisikudanganye. Alisema bado anaogopa, alisema tutazungumza tena. Lakini masanduku aliyabeba matupu kama alivyoyaleta, na nikamsindikiza hadi getini.

Usidhani sikulilii. Upande wako wa kitanda nauwekea nguo ili nisiuone. Najua ulisema yale kwa kuniogopea, na najua mtu anayekufa huwa anatafuta la kupanga. Nimekusamehe uwongo wa majini, hata wa uzito. Ila kunipanga mimi sikuruhusu, si ukiwa hai wala ukiwa huko. Miezi minne na siku kumi nilikaa hapa kwa ajili yako, na niliikaa kwa moyo wote. Kuanzia leo nakaa kwa ajili yangu.

Mungu akupe mapumziko mema. Nami nina shughuli, jua limetoka.

Mkeo, kwa mara ya kwanza asiyekutii,
Mama Rukia