Bambo la Mkweo

2 Machi

Baba mpenzi, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, na mimi nina furaha hadi majirani wananicheka.

Jana nilimfuata mume wangu kazini, ghala la taifa. Ungemwona! Anachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, mahindi yanateremka kiganjani, anang'ata punje moja huku ametega sikio. Ikilia, gunia linaingia. Ikibonyea, ina maji; gunia linarudi lilikotoka, hata liwe la mkubwa gani. Nikamwuliza analinda nini hasa. Akasema, "Usingizi wa watu." Baba, nikayeyuka.

Siku ya harusi uliwapigia saluti wakwe zako wengine, mwanajeshi na polisi. Huyu ukampa mkono kama muuza duka. Tukija Juni, je? Na wewe sajenti mstaafu, niambie: ulinzi wa nchi unaanzia wapi?

Mwanao,
Kitindamimba

9 Machi

Mwanangu, marahaba. Kifua kinakohoa, lakini kinatii amri.

Ulinzi unaanzia mpakani. Saluti ni ya wanaolinda nchi. Adui wa mumeo ni panya. Chai atapata. Mkono pia.

Baba yako

17 Aprili

Baba, shikamoo. Barua zangu mbili hujajibu. Redio inasema mto umebeba daraja lenu na unga umekwisha madukani. Mume wangu anashinda ghalani wakipakia magunia ya kuvushwa kwa boti. Nilimpelekea chakula, akala amesimama, vumbi hadi kwenye kope. Nikampenda upya. Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Kitindamimba

20 Mei

Mwanangu, marahaba. Mimi mzima, posta ndiyo imefunguliwa juzi.

Unga ulipokwisha, watu waliokota mawe. Mkwe wangu polisi alisimama mlangoni pa duka na bunduki, mtutu ameuelekeza chini: wenye mawe ni majirani zake. Kisha boti ikafika. Mawe yakadondoka, foleni ikajipanga yenyewe. Polisi naye akapanga foleni, beseni mkononi. Mimi nyuma yake.

Niling'ata punje moja. Ikalia.

Tangu hapo maswali hayaniishi. Gunia la katikati ya rundo analifikiaje? Hao wakubwa anaowarudishia magunia hawamtishi? Na yeye, nani anamlinda?

Nitamwuliza mwenyewe. Akifika mlangoni asininyooshee mkono. Mwambie asimame wima, mikono ubavuni, anisubiri.

Baba yako