Bima ya Hamisi

Jumatatu, 7 Machi 1977

Leo tena nimelipaka gari matope. Mlango wa kushoto kwanza, kisha boneti. Taa moja nimeing'oa, iko chini ya kitanda. Gari likipendeza hapa Busia wanajeshi wanalitamani, na wakilitamani ndiyo basi. Pikapu ya marehemu mume wangu hawaipati. Ndiyo inayotulisha mimi na Aisha.

Bima imeisha. Bila bima trafiki wa njia ya Tororo watalishika. Kampuni mbili zimenikatalia kwa sababu ya dereva. Hamisi, mdogo wake marehemu, amelipindua mara mbili. Mara ya pili alikuwa akimkwepa kuku! Lakini nani mwingine anakubali kuendesha siku hizi?

Jumatano, 9 Machi

Tororo. Wakala mpya, Bwana Stefano, amekubali. Hakuuliza habari za kupinduka. Nilikwenda na machozi yangu tayari, hayakuhitajika. Sharti moja tu: gari lioshwe, linyooshwe, lipigwe rangi, ndipo aje kulikagua. Eti kampuni haiwekei bima mkweche.

Kisha akauliza, "Mama Aisha, gari nalala wapi?"

Kulala kwake kunamhusu nini? Nikamdanganya. Nimesema linalala Lunyo, kwa mama mkwe. Mama mkwe yuko ng'ambo Kenya kwa binti yake, nyumba imefungwa. Mwenye nia mbaya akifika huko atakuta mihogo. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Ijumaa, 11 Machi

Fundi amemaliza. Gari linang'aa. Hamisi anafurahi kupita kiasi, anajitazama kwenye kioo cha pembeni kama bwana harusi. Sipendi.

Alasiri nimemwona kwa macho yangu akiongea na mwanajeshi penye kibanda cha chai. Nilipomuuliza akasema alikuwa akiomba kiberiti. Kiberiti cha nini? Hamisi havuti sigara.

Jumapili, 13 Machi

Nimemfukuza Hamisi. Nimemwambia akale kwa mwanajeshi wake. Alisimama mlangoni. "Shemeji, mimi nakuuza wewe?" Akachukua blanketi akaenda, hata koti lake kaliacha. Sikuuliza anakwenda wapi.

Nina hasira. Siku hizi hata wa nyumbani humjui.

Jumatatu, 14 Machi

Bwana Stefano amekuja kukagua. Alilizunguka gari, akasugua rangi kwa kidole, akatabasamu peke yake. Nikamwambia limeletwa asubuhi kutoka Lunyo, jioni litarudi. Amenipa stika na karatasi. Dereva: Hamisi. Nimeacha hivyo hivyo, dereva mwingine sina.

Alipopotea tu tukalisukuma gari hadi kwenye migomba, mimi na jirani. Magurudumu nimeyatoa, nimelifunika majani makavu, matope juu. Stika sijaibandika.

Alhamisi, 17 Machi

Mwanamke wa Lunyo, jirani wa mama mkwe, amefika asubuhi. Hakutaka chai. Wanajeshi walikwenda huko juzi, wakivunja milango, wakiulizia pikapu iliyopigwa rangi mpya.

Walimkuta Hamisi. Amelala kwa mama yake. Angelala wapi tena? Mimi nimemfukuza.

Walimpiga aseme gari liko wapi. Anajua migomba yangu. Anajua kila ninapoficha kitu. Alisema hajui. Wakamtia kwenye lori lao.

Lunyo nilimtajia Stefano peke yake. Mtego wangu umenasa, na aliyenaswa ni Hamisi.

Ijumaa, 18 Machi

Nimekwenda kambini na chakula. Wamekipokea. Hawakusema yuko au hayuko. Simwamini aliyekipokea.

Jumamosi, 19 Machi

Nilichukua koti lake nilifue. Ndani ya mfuko, pakiti ya sigara, imebaki nusu. Hamisi anavuta. Alikuwa akinificha kwa heshima, mimi mke wa kaka yake. Kumbe kiberiti kilikuwa kiberiti.

Nimelia mpaka Aisha akaogopa.

Jumanne, 22 Machi

Bwana Stefano amepita. Ati kunisalimu. Macho yake yalikuwa uani, yanapima. Nikasema gari limekwenda kwa fundi Kenya, siku ya kurudi haijulikani. Akanywa chai yangu yote. Alipoinuka akauliza, taratibu kabisa, "Sasa Mama Aisha, kwa bima tubadilishe jina ya dereva?"

Sikumwambia kuwa dereva amechukuliwa. Ningeweza kumrukia, lakini nina mtoto.

"Hapana," nikasema. "Dereva wangu ni Hamisi."

Nilifagia alipokaa. Kesho nitapeleka chakula tena. Koti limekauka, nimelitundika nyuma ya mlango. Sigara sikuzirudisha mfukoni. Nimeziweka mezani, na kiberiti kando yake.