Maneno ya Jioni ya Anaeli

Jumapili, 10 Septemba 1944

Baada ya ibada Mwinjilisti Eliona aliita majina ya barua mlangoni mwa kanisa. Majina sita. Langu halimo. Miezi saba sasa Yakobo hajaandika – mume wangu, mwalimu mzima, aliyeshikisha kalamu nusu ya mtaa huu! Lakini Yuditha wa Anaeli, jirani yangu, kapata barua ya tatu. Tatu! Na hajui hata a. Waume zetu waliingia jeshi la Keya siku moja, wakapanda lori moja, wako vitani Bama kombania moja. Mmoja anaandika, mwingine kimya.

Jioni akaniletea nimsomee, kwa siri, kwa sababu humwonea aibu mwinjilisti. Na kibuyu cha maziwa mkononi. Mungu kampa ng'ombe wawili wa kukamua, kampa na mume wa kuandika.

Anaeli hajui kwamba msomaji ni mimi. Barua inaanza: Mwinjilisti, tafadhali msomee mke wangu. Nikasoma. Katikati ameandika kwamba kengele ya jioni ikilia, Yuditha aseme: "Bwana, uko huku na uko kule, tushike wawili kwa mkono mmoja." Naye huko, jua likizama, husema hayo hayo.

Nikayaruka maneno hayo. Sijui nini kilinipata. Macho yaliona, mdomo ukapita, nikaenda moja kwa moja kwenye salamu za mama mkwe. Yuditha akacheka, akashukuru, akaikunja barua akaitia kifuani.

Jumatatu, 11 Septemba

Kengele ililia nikiwa kwenye mibuni. Nikayasema maneno yale. Kwa sauti! Moyoni nikamweka Yakobo. Usiku nililala usingizi mzima, mara ya kwanza tangu Pasaka. Wizi gani huu unaoleta usingizi?

Ijumaa, 22 Septemba

Tarishi wa serikali kapita njia ya juu na kofia yake nyekundu. Ndiye huleta barua za vifo. Nikashika mgomba, nikasema, Bwana, uko huku na uko kule. Mara tatu, mara nne. Akapita kwangu, akapita kwa Yuditha, akaingia kwa watu wa ng'ambo ya mfereji. Kilio kikaanza kabla hajaketi.

Lakini hofu yangu ilikuwa imeshuka. Kweli ilishuka! Nimesoma shule ya misheni miaka mitano, nimekariri katekisimu yote, na sijawahi kuomba hivi. Nimshukuru nani? Anaeli? Hakuniandikia mimi.

Jumapili, 1 Oktoba

Yuditha alikuja mikono mitupu, bila barua. Amekonda. Anasema mbwa akibweka tu yeye anakufa, anasikia tarishi. Akanitazama.

"Wewe dada una imani. Nakuona jioni umesimama shambani, umetulia kabisa. Nifundishe kuomba."

Nikamwambia asali Baba Yetu. Akasema anasali, lakini anaona kama Mungu yuko mbali na Anaeli yuko mbali zaidi.

Maneno yalifika kwenye ulimi. Nikayameza. Nikawaza: huyu ana barua, ana ng'ombe, ana mtu anayemkumbuka kila jua likizama. Hiki kimoja aniachie! Nikamjibu, "Imani huja polepole, mdogo wangu." Mimi! Kama askofu. Akaitikia kwa heshima, akaenda zake.

Jumatano, 11 Oktoba

Jumapili ni Chakula cha Bwana, mwinjilisti anaandika majina ya washiriki. Kwetu mwenye kosa kwa jirani humpelekea kwanza jani la isale, na akipelekewa isale mtu hakatai kusamehe. Nikakata jani. Nikafika mpaka uani kwa Yuditha. Nikamsikia ndani na mama mkwe wake, wanacheka mpaka wanakohoa, wanakumbuka Anaeli alivyowahi kufukuzwa na nyuki. Mimi wa kucheka naye habari za Yakobo sina. Wivu ukanipanda. Nikageuka. Jani nimelitupa mferejini, na kwa mwinjilisti nimesingizia tumbo ili asiniandike.

Jumamosi, 21 Oktoba

Naandika haraka, chumbani.

Yuditha yuko jikoni kwangu, anamenya ndizi. Kaja na barua. Hii haikupita posta, kaileta Antoni, askari mwenzao aliyerudishwa kwa jeraha la mguu. Nikaifungua kwa kinyongo changu kile kile, nikaanza kwa sauti: Mwinjilisti, msomee mke wangu, mimi mzima. Yuditha akapiga vigelegele. Nikasoma mstari wa pili kwa macho.

Yakobo amekufa. Risasi, asubuhi, mtoni. Anaeli mwenyewe alimzika pamoja na wenzake wanne. Anasema barua ya serikali itachelewa, na hataki Magdalena, ndiye mimi, asikie kwa tarishi. Kisha anaandika: "Yuditha, nenda wewe. Usiite watu kwanza. Mshike mkono, umwambie yale maneno yetu ya jioni. Umeyasema kila siku, kwa hiyo hutatetemeka."

Yuditha akauliza, "Mbona umenyamaza, dada?" Nikasema moshi umeniingia machoni. Nikasema naenda kutafuta miwani. Sina miwani.

Bwana, uko huku na uko kule. Tushike wawili – sala haiendi. Nimejaribu tena. Haiendi, wawili hatupo. Nataka mtu aniambie maneno hayo kwa mdomo wake, mkono wangu ukiwa mkononi mwake. Aliyetumwa kunishika yuko hapo jikoni na maneno hana. Itabidi nimfundishe kwanza.

Anaita tena. Anauliza kama Anaeli ameniletea na mimi salamu za Yakobo.