Tumbo Lisilo na Kovu

Nekesa, mjukuu wangu,

Hapa Chwele tuko wazima. Babu yako anapalilia mahindi huku akilaumu mgongo, na ng'ombe wetu amezaa.

Umeniuliza kama ni vibaya rafiki yako hapo Kitale atibiwe kwa jina lako, kwa kuwa hana bima. Siwezi kukucheka. Nikiwa msichana, nilimpa dada yangu Naliaka kadi yangu ya bima ya serikali. Akapasuliwa kidole tumbo huko Bungoma, na serikali ikaandikiwa kwamba mgonjwa ni mimi. Nikajiona mwema sana.

Mwaka uliofuata tumbo likanikata. Daktari akasoma faili: "Dada, kidole tumbo ulishatolewa. Hii ni gesi tu." Nikaogopa kumtaja Naliaka, mpaka jasho likaloanisha shuka. Ndipo nikafunua tumbo. Kovu halikuwepo. Daktari akatoka mbio kuita wenzake.

Msindikize rafiki yako akajiandikishe mwenyewe. Mpe nauli, mpe hata chakula, lakini jina usimpe. Siku ukiugua, nataka wakutibu wewe.

Mimi kukhu wako, ambaye sasa kovu analo.