Ukuta wa Chupa

Jumatano

Nnangoja aibu inijie, haiji. Mwili mzito tu.

Leo mimi na wasanii wenzangu tumeonyesha ukuta wetu wa chupa tupu za maji, Mji Mkongwe. Juu yake tumeandika kwa rangi nyekundu: MSINUNUE. Watu wakapiga picha, wakatusifu. Sikuhisi kitu.

Khalati yangu, ndugu yake mama, alikuja kutoka Mpendae. Akaigonga chupa moja kwa ukucha.

"Hizi mpya, mwanangu. Za kuokota zina mikwaruzo."

"Za kuokota hazikulingana, khalati. Tukanunua."

"Zilikuwa na maji ndani?"

"Ndiyo."

"Na maji yake mkayafanya nini?"

Nikajitia napokea simu.

Bomba la kwake limekauka tangu wiki iliyopita. Sisi tulishinda kutwa tunayamwaga maji ya chupa hizo mtaroni.